Birika la kahawa lililotuletea kamera ya mtandaoni

Wadau, kabla ya kulalamika kwamba picha ya kamera inachelewa, hebu turudi Cambridge, Uingereza, mwaka 1991. Watafiti wa maabara ya kompyuta ya chuo kikuu walichangia birika moja la kahawa. Waliokaa ghorofa nyingine walihangaika na ngazi, wakifika wanalikuta tupu!

Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakalielekezea kamera. Jardetzky aliandika programu ya kunasa na kutuma picha, Stafford-Fraser akaandika ya kuipokea: XCoffee. Picha ilikuwa ya nukta 128 kwa 128, haina rangi, ikibadilika kama mara 3 kwa dakika. Ilitosha, maana birika halijai kwa sekunde moja.

Mwaka 1993 ikaingia kwenye wavuti, dunia nzima ikachungulia. Kamera ilizimwa tarehe 22 Agosti 2001, birika likanunuliwa na Spiegel Online kwa pauni 3,350.

Leo tunarusha video kwa amri moja ya ffmpeg, lakini fremu zikirundikana kwenye foleni, ucheleweshaji uko palepale. Picha safi inasaidia nini kama inakuonyesha kahawa iliyokwisha nyweka?