Mfahamu Suleiman Nyambui, mwana Mara mwenye fedha ya Olimpiki

Ukitaja Mkoa wa Mara, wengi akili inakimbilia dhahabu ya Nyamongo, kule Kewanja na vijiji jirani. Lakini medali pekee ya Olimpiki ya mkoa huu ni ya fedha, na aliyeileta ni mkimbiaji Suleiman Nyambui.

Nyambui alizaliwa Februari 13, 1953, Majita, kandokando ya Ziwa Victoria. Olimpiki ya Montreal 1976 ilimpita hivi hivi. Tanzania ilisusia pamoja na nchi nyingine za Afrika, kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand kwa makaburu wa Afrika Kusini.

Baadaye akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, Marekani. Huko alitawala kwelikweli: alibeba ubingwa wa vyuo vikuu wa mita 10,000 mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Februari 1981, jijini New York, aliweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 ndani ya ukumbi, 13:20.4.

Siku yake kubwa ilikuwa Agosti 1, 1980, Moscow, fainali ya mita 5,000. Miruts Yifter wa Ethiopia, ambaye tayari alikuwa na dhahabu ya mita 10,000, alichomoka mzunguko wa mwisho. Nyambui akamfukuza hadi kwenye utepe. Yifter alitumia 13:20.91, Nyambui 13:21.60. Haikufika hata sekunde moja.

Siku moja kabla, Filbert Bayi alikuwa ametwaa fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji.

Nyambui hakuishia hapo. Alihamia barabarani, akashinda Berlin Marathon mara mbili mfululizo, 1987 na 1988. Ile ya kwanza alikimbia kwa saa 2:11:11, akiwa na miaka 34, umri ambao wengi wanakuwa wameshatundika viatu.

Baada ya kustaafu alifundisha riadha, ikiwemo nchini Brunei, na pia akawa Katibu Mkuu wa Riadha Tanzania (RT).

Hadi Olimpiki ya Paris 2024, Tanzania ilikuwa na medali mbili tu katika historia yake yote: ya Bayi na ya Nyambui. Zote zilipatikana Moscow, ndani ya siku mbili, na miaka 44 baadaye ya tatu ilikuwa bado inasubiriwa.