Mlima Wenye Jina la Mwenyeji



Atokaye Nkwenda akapanda vilima vya msitu vya Rumanyika-Karagwe, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2019, aweza kutembea kutwa katika ukimya. Ukimya huo hutukumbusha historia.

Novemba 1861 wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Speke na James Grant, walipokelewa na Mfalme Rumanyika wa Karagwe. Punde Grant akashikwa na ugonjwa mkali wa mguu, asiweze hata kusimama. Januari 1862 Speke alishika njia ya Uganda, akamwacha mwenzake. Rumanyika alimhifadhi mgonjwa huyo hadi Aprili, alipoondoka akibebwa kwa machela.

Julai 28, 1862, Speke aliuona mto Nile ukitoka ziwani. Grant hakuwapo. Vitabu vingi humsifu yule aliyefika. Lakini vilima vyetu havikuitwa kwa jina la aliyefika, bali la mwenyeji aliyebaki nyumbani na mgonjwa.

Ndugu zangu, tunapofurahia kupanda, tujiulize: nyumbani kwetu ni nani asiyeweza tena kupanda, naye angali anangoja tumjulie hali?