Bendi 4 za Benga Ambazo Migori na Homa Bay Hazitawahi Kusahau

Ozzy Osbourne alipoaga Julai 2025, mafans wa Black Sabbath dunia nzima walilia ni kama wamefiwa na mzae wao. Wengi hawakuwa wamezaliwa bendi hiyo ikianza kule Birmingham mwaka wa 1968. Ukishangaa venye ngoma za miaka 50 zinaweza kushika msee wa miaka 20, panda mat ya Migori Ijumaa jioni. Mkishapita Kisii, dere anabadilisha mziki. Mkifika Rongo, mahali wa Homa Bay wanakata kulia, gita linalia na gari nzima inatingisha kichwa.

Zii, si metal. Ni benga. Lakini ugonjwa ni ule ule: gita kali, bendi ya kitambo na mafans ambao hawaishi. Kama wazazi wako ni wa pande hizo na wewe umekulia Nairobi, huu hapa mwongozo wako kabla ya safari ya Disemba.

Kwanza, benga inafanyaje kazi?

Benga ilishika miaka ya 1960, wakati vijana wa Nyanza walichukua gita na kulidonoa venye wazee walikuwa wanadonoa nyatiti, ile ala ya Wajaluo yenye nyuzi 8. Gita la solo linakimbia mbio likimjibu mwimbaji, besi inasukuma, ngoma hazipumziki. Halafu maneno yanaisha, gita linabaki likiwaka peke yake. Hapo ndipo watu huacha viti. Kwenye santuri ndogo za zamani wimbo mmoja ulikatwa mara mbili, upande wa A na wa B. Ilibidi ugeuze sahani ndio ufikie utamu.

1. Shirati Jazz

Hii ndio Black Sabbath yetu, na ina umri kuliko ile ingine: ilianza 1967. Kiongozi alikuwa Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa 1940 karibu na Shirati, Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka ukitoka Muhuru Bay, Migori. Mpaka ulikuwa wa serikali, mziki haukuujua.

Wasee walimwita "King of History" juu alikuwa anaimba siasa kwa mafumbo: wanyama, Biblia, hadithi za kale. Wakubwa walielewa vizuri sana, na alishikwa zaidi ya mara moja. Misiani alifariki Mei 2006 kwa ajali ya barabarani Kisumu.

2. Victoria Jazz

Ochieng Nelly na Collela Mazee waliunda hii mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kama Shirati ilikuwa ya kufikiria, Victoria ilikuwa ya kutoa jasho. Sauti mbili zinapanda pamoja, gita linazifuata nyuma kama kivuli. Ukitaka kuanza benga bila kuelewa Dholuo hata neno moja, anzia hapa.

3. Luna Kidi

Ya Ochieng Kabaselleh. Huyu alichanganya benga na rumba ya Kongo, akaimba Dholuo na Kiswahili, mapenzi mbele. Miaka ya 1980 alitupwa jela kwa mambo ya siasa, akatoka na kurudi studio. Aliaga 1998. Ukiskia mzae anaimba kimya kimya akiosha gari Jumapili, kuna uwezekano mkubwa ni Kabaselleh.

4. Jolly Boys

Prince Jully alipoaga 1997, watu walidhani bendi imezikwa naye. Mke wake, Princess Jully, alishika maiki na kusimama mbele ya wanaume kwa fani ambayo wanawake walikuwa wachache. "Dunia Mbaya" ilipotoka, ilizungumzia Ukimwi wakati Nyanza ilikuwa inazika watu kila wikendi na wengi wakiogopa hata kuutaja ugonjwa kwa jina. Watu waliicheza wakilia.

Ilifika mbali kuliko unavyodhani

Phares Oluoch Kanindo, prodyuza ambaye baadaye aliingia Bunge, alisambaza santuri za benga hadi kusini mwa Afrika. Zimbabwe waliita huo mziki "kanindo", na jina la sungura, mtindo wao mkubwa wa gita, linafuata lebo ya santuri ya huku kwetu. Mwaka wa 2006 wanabenga wa Kenya na wacheza roki wa Marekani walitoa albamu pamoja kama Extra Golden. Kwa hivyo hata watu wa magita mazito walishajua.

Mbona haziishi?

Metal inakupa kabila la kuchagua mwenyewe. Benga inakupa watu wako kwa majina. Msikilize mwimbaji vizuri: katikati ya wimbo anataja mtu, baba yake, kijiji chake, bibi yake mrembo. Hiyo ni pakruok, sifa za Wajaluo, na wengi waliotajwa hawana picha wala kitabu. Wako tu ndani ya wimbo. Ndio maana ukienda matanga Ndhiwa ama Awendo, gita likianza, mzee wa miaka 80 anainuka na fimbo yake. Ameskia rafiki yake akiitwa.

Shida ni kwamba santuri zinavunjika na kanda zinaliwa na ukungu. Ketebul Music ya Nairobi ilifanya kazi ya maana 2008 ilipotoa "Retracing the Benga Rhythm", lakini studio moja haiwezi kuingia kila nyumba. Na wanaojua ni nani alitajwa wapi wanapungua kila mwaka.

Kwa hivyo ukifika dala Disemba hii, usikae tu na simu ukitafuta netiweki. Cheza Shirati mbele ya kwaro ama dani, washa rekoda, uulize swali moja: "Huyu anayetajwa hapa ni nani?" Halafu nyamaza uskize. Unaweza kupata ni mtu wenu.