Mali ya Nani? Nakshi za Leso Mbele ya Sheria

Sheria ya kulinda nakshi za vitambaa haikuanza kwa huruma juu ya mafundi, bali katika ugomvi wa wapiga chapa. Mwaka 1787 Bunge la Uingereza liliwapa wenye kubuni nakshi za vitambaa vya pamba na kitani haki ya kuzichapa peke yao kwa miezi miwili, nayo mwaka 1794 ikafanywa mitatu. Nakshi ilikuwa bidhaa ya msimu, yenye mwenyewe mmoja na tarehe ya kuzaliwa.

Leso ya pwani ya Afrika Mashariki haina tarehe hiyo. Yasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake walishona pamoja vitambaa sita vya mkono, ambavyo Wareno waliviita lenço, wakapata nguo moja. Ndipo viwanda vya ng'ambo vikachapa nguo nzima kwa kuiga mshono huo. Kwa hiyo aliyenakiliwa kwanza ni mshonaji, wala jina lake halikuandikwa popote.

Lililoandikwa ni la mfanyabiashara. Kwenye leso za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa husomeka «Mali ya Abdulla»: dai la umiliki kwa Kiswahili fasaha, limechapwa katika nguo yenyewe. Hata hivyo, alama ya biashara hulinda alama tu. Mshindani aweza kuchukua pindo na mji wa leso, akayaacha maneno hayo matatu. Na jina la leso, likiwa ni methali, halina wa kulidai.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 husajili nakshi kwa miaka mitano, yenye kuongezwa mara mbili, mradi iwe mpya. Kisutu, ambacho wachapaji wengi wamekichapa vizazi kwa vizazi, si kipya. Sheria ya mwaka 2016 ilijaribu kuziba pengo hilo kwa kuitambua jamii kuwa mmiliki wa sanaa zake za jadi. Hapo ndipo penye taabu hasa, kwani jamii ya kisutu ni ipi? Sheria ya Kenya hukoma Vanga, na bibi arusi wa Unguja hukivaa kisutu kama wa Mombasa. Ila yeye nguo hiyo huiita kanga, na daftari la usajili lingelazimika kwanza kuchagua neno.