Sungura Aliyekosa Mchapaji

Katika nchi zetu ni shida kumpata mtoto asiyemjua Sungura. Tumemsikia usiku kutoka kwa bibi zetu, akimhadaa Fisi, akimcheka Simba, akila mali ya wenyewe na kuponyoka wakati watu wamekwisha mzingira kwa marungu. Basi si ajabu kwamba sungura mwingine, aliyezaliwa katika nchi ya baridi, amepokewa na watoto wa mataifa mengi kama jamaa yao. Lililo ajabu ni kuwa sungura huyo alikaribia kufia sandukuni, maana watu ambao kazi yao ilikuwa kuchagua vitabu walimtazama, wakamrudisha kwa mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Bibi Beatrix Potter, aliyezaliwa London tarehe 28 Julai, 1866, katika nyumba ya watu matajiri. Hakupelekwa shule, bali alifundishwa nyumbani na walimu wa kike walioajiriwa na wazazi wake. Rafiki zake walikuwa wanyama. Yeye na ndugu yake mdogo walifuga sungura, panya, vyura na kalunguyeye. Wakawatazama wakila, wakilala na kufa, na kila walichokiona wakakichora. Desturi ya watu wa daraja yao ilikuwa binti akae kwa wazazi mpaka aolewe, wala asifanye kazi ya mshahara. Bibi Potter alitimiza miaka thelathini akiwa bado yu chini ya amri ya baba na mama, hana fedha za kutosha zilizo zake mwenyewe. Msomaji ataona baadaye kwa nini jambo hilo la fedha si dogo.

Mlango wa kwanza aliobisha haukuwa wa vitabu vya watoto. Alikuwa amechora uyoga wa aina nyingi, na kwa kuuchungulia kwa hadubini akapata maarifa juu ya namna mbegu zake ndogo mno zinavyoota. Akaandika makala. Mwaka 1897 makala hiyo ilipelekwa mbele ya Linnean Society, chama kikubwa cha elimu ya viumbe mjini London, lakini yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuingia, kwa kuwa wanawake hawakukubaliwa mikutanoni. Mwanamume mmoja aliipeleka kwa niaba yake. Haikuchapwa, yeye akaichukua akaenda zake. Miaka mia moja ilipopita, yaani mwaka 1997, chama hicho kilikiri kwamba hakikumtendea haki. Kukiri huko ni kwema, ila kulimkuta kaburini.

Hadithi yetu hasa ilikuwa imekwisha kuanza. Tarehe 4 Septemba, 1893, Bibi Potter akiwa Scotland pamoja na wazazi wake, alipata habari kuwa mtoto wa mwalimu wake wa zamani alikuwa mgonjwa kitandani. Mtoto huyo aliitwa Noel Moore, na umri wake ulikuwa miaka mitano. Bibi Potter alitaka kumwandikia barua ya kumfariji, lakini hakuwa na habari za kumpa. Kwa hiyo akamwandikia hadithi ya sungura wanne wadogo, na mmoja wao, Peter, mtoto mtundu, akaingia katika bustani ya Bwana McGregor ijapokuwa mama yake alimkataza, na ijapokuwa baba yake alikuwa amekwisha patwa na msiba mahali hapo hapo. Kando ya maneno akachora picha ndogo kwa wino. Noel aliitunza barua ile. Mwaka 1900 Bibi Potter aliiazima, akainakili, akairefusha, akatengeneza kitabu kidogo na kukipeleka kwa wachapaji.

Wachapaji wasiopungua sita walikataa. Watu hupenda kusimulia habari kama hizi kana kwamba wachapaji wote walikuwa wapumbavu. Mimi sioni hivyo. Walikuwa wafanya biashara, na biashara ya siku zile ilitaka vitabu vikubwa vyenye picha za rangi. Kitabu walicholetewa kilikuwa kidogo, picha zake karibu zote zilikuwa za wino mweusi, na mwandishi hakuwa na jina. Lakini Bibi Potter naye alikuwa na hoja yake. Alitaka kitabu kienee katika mkono wa mtoto mdogo, na bei yake iwe ndogo, kwani kitabu cha shilingi nyingi hukaa kabatini na mtoto hakiguswi ila siku ya sikukuu. Hoja hii hakuitoa katika vitabu vya wataalamu. Aliitoa kwa watoto waliokuwa wakipokea barua zake na kuzishika kwa vidole vyao.

Hapo ndipo zile fedha zake kidogo zilipofaa. Alichukua akiba yake, akaenda kwa mpiga chapa, na mnamo Desemba, 1901, zikatoka nakala 250 kwa gharama yake mwenyewe. Nyingine aliwapa jamaa na rafiki, nyingine akaziuza. Arthur Conan Doyle, yule mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes, alipata nakala kwa ajili ya watoto wake akaisifu. Zile 250 zikaisha upesi, ikabidi zichapwe nyingine 200.

Wakati huo huo rafiki yake mmoja, kasisi aitwaye Rawnsley, alijaribu kumsaidia kwa njia yake. Aliigeuza hadithi yote kuwa mashairi ya vina, akaipeleka kwa kampuni ya Frederick Warne, ambayo ilikuwa miongoni mwa wale waliokataa. Warne walizipenda picha, lakini mashairi hawakuyataka. Wakauliza kama maneno yale mepesi ya kwanza bado yapo. Yalikuwapo. Wakakubali kukichapa kwa umbo lile lile dogo, kwa sharti kwamba picha zote ziwe za rangi.

Sharti hili lilimkera mwandishi. Yeye aliona kuwa rangi ni gharama, na tena sungura ni wa rangi ya udongo na majani ni ya kijani, basi kuna uzuri gani hapo? Hata hivyo alikubali, akaketi na brashi, akazichora upya. Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko ile subira yake inayosifiwa sana. Katika umbo na bei hakulegea hata kidogo. Katika rangi alilegea, na wachapaji ndio waliokuwa na haki. Kitabu kilitoka Oktoba, 1902, kwa bei ya shilingi moja. Nakala 8,000 za kwanza ziliagizwa zote kabla ya siku ya kutolewa, na mwaka ulipokwisha zilikuwa zimechapwa 28,000.

Hapa nitapumzika kidogo niwarudishe kwa Sungura wetu. Bibi Potter alikuwa amezisoma hadithi za Uncle Remus, alizozikusanya Mmarekani Joel Chandler Harris na kuzitoa mwaka 1880, akazichorea picha nane. Harris alizisikia kwa watu weusi wa Georgia, ambao wazee wao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika, wakavuka bahari pasipo chochote mkononi ila hadithi vichwani. Yule sungura mjanja alikuwa mmoja wa abiria wa safari ile.

Vitabu vingine vilifuata, karibu kila mwaka. Mwaka 1905 Norman Warne, aliyekuwa akisimamia vitabu vyake katika kampuni, alimwomba amwoe. Wazazi walipinga, kwa kuwa kijana yule alikuwa mtu wa biashara. Bibi Potter alikuwa na miaka 39, akaivaa pete. Mwezi haukupita sana, Norman akaugua na kufa tarehe 25 Agosti.

Mwaka ule ule, kwa fedha za vitabu na urithi mdogo, alinunua shamba liitwalo Hill Top, katika nchi ya maziwa na milima ya kaskazini ya Uingereza. Hatimaye akawa mkulima kamili, mfugaji wa kondoo aliyejulikana minadani. Mwaka 1913 aliolewa na wakili William Heelis. Alipofariki tarehe 22 Desemba, 1943, aliacha zaidi ya eka 4,000 kwa ajili ya taifa, zisijengwe wala kuharibiwa. Na kile kitabu cha Peter hakijakoma kuchapwa, nacho mpaka leo hutolewa kwa umbo lile dogo, lenye kuenea mkononi mwa mtoto wa miaka mitano.