Sikio la Mwenda: Mapenzi ya Muziki na Mabadiliko ya Ladha katika Mji wa Likasi

1. Utangulizi

Katika masomo yetu ya Kiswahili tumezoea kuwachunguza waimbaji kama watungaji wa maneno, na ni mara chache tunawachunguza kama wasikilizaji. Hata hivyo, kila mwimbaji alisikiliza kabla hajaimba. Mtu anayepiga santuri ukumbini, ambaye vijana humwita dijei, hulifanya jambo hilo hadharani: husikiliza, huchagua, huacha, kisha huwagawia wengine alichokichagua. Makala haya yanakusudia kumtazama kwa jicho hilo Mwenda Jean Bosco, mpigaji gitaa ambaye jina lake halitengani na historia ya Likasi, mji ulioitwa Jadotville hadi 1966. Tutaonyesha kwamba ladha yake ilibadilika zaidi ya mara moja, kwamba kila badiliko lilikuwa na sababu zake za kihistoria, na kwamba wataalamu wengi, nasi tukiwamo, wamependelea kumjua Mwenda mmoja tu, yule wa mwaka 1952.

2. Mji wa sauti nyingi

Kwa mujibu wa maelezo yaliyozoeleka, Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, uliokuwa mji mkuu wa Bayeke. Jina lake lenyewe linarudisha fikira kwa Mwenda Msiri, mtawala aliyeuawa Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili. Asili ya Bayeke ni Unyamwezi, na biashara yao ya pembe na shaba iliwafungamanisha na pwani. Kwa hiyo Kiswahili hakikuwa kigeni Bunkeya hata kabla ya wakoloni kufika.

Jadotville ilikuwa jambo lingine. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Katanga yenyewe, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland na Ruanda-Urundi. Watu hao walifanya kazi katika mitambo ya Panda na Shituru, wakaishi jirani, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazini na ya mtaani. Kila kundi lilikuja na nyimbo zake. Reli iliyofika Elisabethville kutoka kusini mwaka 1910 ilileta pia bidhaa za madukani, na miongoni mwa bidhaa hizo baadaye yalikuwamo magitaa na gramafoni.

Hatuna budi kuzikumbuka pia santuri za Kuba. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV ilitoa mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV, ambao ulisambaa sana barani Afrika. Mwenda alivutiwa na vikundi vya Kuba kama Trio Matamoros, na vilevile na filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani. Hapa msomaji aone jambo moja. Muziki ambao baadaye ulisifiwa kuwa ni wa Katanga halisi ulitoka katika sikio lililokwisha kuchagua kutoka Bunkeya, Rhodesia, Havana na Hollywood.

3. Mwaka 1952 na santuri ya dakika tatu

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti na mtangazaji aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, alifika Jadotville na kurekodi nyimbo za kijana huyo. Santuri zake zilitolewa kwa lebo ya Gallotone. Wimbo wa "Masanga" ulimpa sifa mbali na nyumbani, hasa kwa jinsi gitaa lilivyopigwa: kidole gumba na cha shahada vilifanya kazi ambayo msikilizaji angedhani ni ya watu wawili. Mnamo 1961 na 1962 David Rycroft alichapisha uchambuzi wa upigaji huo katika jarida la African Music.

Tukumbuke, hata hivyo, mipaka ya chombo chenyewe. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ulibeba takriban dakika tatu tu. Wimbo ambao mtaani ungeendelea kadiri wasikilizaji walivyotaka ulilazimika kuanza, kutimia na kwisha ndani ya muda huo. Pia Tracey alikuwa na mapendeleo yake: alitafuta kile alichokiona kuwa sanaa ya Kiafrika iliyokuwa hatarini kupotea. Mkusanyo wake uliwekwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, aliyoianzisha 1954 na ambayo baada ya kifo chake, 1977, ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes. Deni letu kwake ni kubwa. Lakini kumbukumbu hiyo ni ya uchaguzi wa watu wawili, mpigaji na mrekodi, katika mwaka mmoja.

4. Msikilizaji akabidhiwa redio

Miaka hiyohiyo redio ilianza kuwafikia watu wa kawaida. Mwaka 1949 kituo cha Lusaka kilianza kueneza redio ndogo ya betri, ya bei nafuu, iliyobandikwa jina la sufuria kwa sababu ya umbo lake. Mtangazaji kama Alick Nkhata, ambaye mwenyewe alikuwa mwimbaji, aliweza sasa kuwachezea maelfu ya watu muziki kwa wakati mmoja.

Mwenda naye aliipata nafasi ya namna hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikaa Nairobi kwa muda, akawa na kipindi cha kawaida redioni. Kijana aliyelelewa na santuri za wengine sasa aliingia nyumba za watu asiowajua. Kizazi kizima cha wapigaji gitaa wa Kenya kilijifunza kwa kumsikiliza. Na kwa mintarafu ya lugha, wasikilizaji wa Kenya walisikia Kiswahili cha Katanga kikiimbwa bila kuomba radhi: wanaosema "mutu" na "muke" pale wengine wasemapo "mtu" na "mke". Sarufi zetu zilikichukulia Kiswahili hicho kama makosa kwa muda mrefu. Redio ilikichukulia kama sauti.

5. Mwenda ambaye hatukumtaka

Baada ya hapo Mwenda hakusimama. Aliishi Lubumbashi sehemu kubwa ya maisha yake, na kama wanamuziki wengi wa rika lake alivutwa na rumba na cha-cha-cha za bendi za dansi. Sababu zake zinaeleweka. Wachezaji walitaka sauti iliyojaza ukumbi, na gitaa moja lisilo na umeme haliwezi kushindana na ngoma, besi na vipaza sauti. Mwaka 1972, siasa ya uhalisi ya Mobutu ilipopiga marufuku majina ya Kikristo, Jean Bosco alijulikana kama Mwenda wa Bayeke.

Wageni walipomtafuta katika miaka iliyofuata, wengi walikuja wakiwa na masikio ya 1952. John Low, aliyefika Shaba mwaka 1979 kujifunza kwa wapigaji wa zamani, ametuachia shajara yenye thamani kubwa, na hata jina la ziara kama hiyo linatueleza kilichotafutwa: ya zamani. Mwenda alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia. Albamu iliyotolewa na kampuni ya Rounder mwaka 1994 inamsikizisha akiwa mtu mzima. Anayeilinganisha na santuri za Gallotone asiulize ni ipi iliyo halisi. Zote mbili ni za mtu mmoja, na baina yake kuna zaidi ya miaka thelathini ya kusikiliza.

6. Hitimisho

Kwa nini jambo hili liwahusu wanafunzi wa Kiswahili? Kwa sababu kosa la wapenzi wa santuri ni kosa letu pia. Nasi huchagua mwaka tunaoupenda, tukauita Kiswahili chenyewe, kisha tukasikitika kwamba wasemaji wa Likasi hawakubaki pale. Wasemaji, kama wasikilizaji, huendelea kuchagua.

Tunapendekeza basi kazi moja iliyo ndani ya uwezo wa kila mwanafunzi. Mjini Likasi bado wapo wazee waliopiga santuri katika baa na kumbi za Kikula na Panda. Wasiulizwe tu walipenda nini. Waulizwe walianza kukipenda lini, walikiacha lini, kwa sababu gani, na walikiita kwa maneno gani. Majibu yaandikwe kama yanavyotamkwa, na "mu-" zake zote. Santuri za mwaka 1952 zimehifadhiwa vizuri, mbali sana na hapa. Historia ya sikio lililozichagua, na baadaye likachagua nyingine, haijahifadhiwa popote, na wanaoijua wanapungua kila mwaka.