Gharama za Mgonjwa katika Viunga vya Dar es Salaam

Tangu mji wa Dar es Salaam ulipoanza kutanuka kutoka Kariakoo, ukaelekea Magomeni na Kinondoni upande mmoja na Temeke upande wa pili, wakazi wa viunga hivyo hawajapata kuafikiana kwa ukamilifu na wenye kushika hazina, wawe wa serikali ya kikoloni, wa serikali huru au wa mifuko ya bima, juu ya suala ambalo kila nyumba yenye mgonjwa hulikabili: katika fedha zote zinazotoka kwa sababu ya maradhi, zipi zihesabiwe kuwa gharama za matibabu, na zipi ziachwe kuwa shauri la jamaa zake?

Jawabu la zamani lilikuwa pana. Baada ya Vita Kuu iliyokwisha mwaka 1918, vyama vya ngoma ya beni vya Marini na Arinoti, ambavyo aghalabu hukumbukwa kwa gwaride, tarumbeta na vyeo vyao tu, vilikuwa pia na wajibu wa kumwangalia mwanachama aliyeshikwa na uele hali yu mbali na kwao, na akifa, kumzika kwa heshima. Wala chama hakikuona haja ya kutenganisha ugonjwa na msiba, maadamu vyote viwili humkuta mtu yule yule katika chumba kile kile cha kupanga. Tiba yenyewe waliifuata katika Hospitali ya Sewa Haji, iliyopewa jina la tajiri wa Bagamoyo aliyetoa mali yake kwa ajili ya ujenzi wake katika miaka ya 1890, ambayo iliwapokea Waafrika na Wahindi, ilhali Wazungu walitibiwa Ocean Road.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilijitwika mzigo wa matibabu ya raia wote bila malipo, na mwaka 1977 ikapiga marufuku hospitali za watu binafsi zenye kutafuta faida. Lilikuwa kusudio tukufu, nami sitamani kulidunisha. Illa hazina ilipodhoofika katika miaka ya 1980, mgonjwa alipokewa bure, akaandikiwa dawa, kisha akaambiwa aende akainunue dukani. Marufuku ile iliondolewa mwaka 1991, na mwaka 1993 ikaja kaida ya uchangiaji wa gharama, pamoja na misamaha kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wenye maradhi kama kifua kikuu na ukoma. Na fukara asiyekuwamo katika makundi hayo akalazimika kuuthibitisha ufukara wake mbele ya afisa wa ustawi wa jamii, jambo ambalo kwa mtu mwenye staha ni zito kuliko ada yenyewe.

Hapo ndipo, mwaka 1995, ulipozaliwa Umoja wa Matibabu Sekta Isiyo Rasmi Dar es Salaam, uliofahamika kwa jina la UMASIDA, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Mafundi na wachuuzi, watu wasio na mwajiri wa kuwakatia mshahara, walichanga kupitia vikundi vyao vya kazi, na Umoja ukapatana na zahanati za binafsi ziwatibu bila kudai fedha taslimu mlangoni. Naona fahari kubwa katika jambo hili, kwa kuwa lilitangulia mfuko wa watumishi wa serikali kwa miaka kadhaa.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001, mtumishi akikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akiongeza asilimia 3, kwa faida ya mwanachama, mwenzi wake na wategemezi wanne. Nao ukaainisha gharama zinazokubalika: kumwona daktari, vipimo, dawa zilizomo katika orodha iliyoidhinishwa, kulazwa, upasuaji, meno, hata miwani; upasuaji wa kutafuta urembo haumo.

Uainishaji huo una haki yake, kwani mfuko usio na mipaka hufilisika. Walakini mama lishe wa Mbagala aliyepewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Muhimbili hulipa kwanza nauli, kisha chakula cha ndugu anayemuuguza, kisha hukosa pato la siku zote ambazo jiko lake halikuwashwa. Na gharama hizi, ambazo mara nyingi ndizo zinazomchelewesha nyumbani hata maradhi yakamzidi, hazina mahali katika fomu yoyote.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imekwisha kupitishwa, tangu mwaka 2023. Nawasihi wanaopanga kitita cha mafao, pamoja na orodha ya vipimo na dawa, waingize humo nauli ya mgonjwa wa rufaa asiye na uwezo, kwa kuwa bila ya hiyo hatafika penye dawa aliyokwisha kuilipia.